Sifuri ya Mama

Kila asubuhi, kabla wenye ofisi hawajafika, mama yake Fundi alipiga magoti kwenye zulia la ghorofa ya juu na kufuta udongo. Ulikuwa udongo mwekundu wa kaburini. Ulianzia kwenye lifti ya wakubwa na kuishia chini ya meza ya Mkurugenzi, ambaye alikuwa amefariki mwaka juzi. Walimzika Jumamosi kwa maua na hotuba ndefu, na Jumatatu akarudi kazini na suti ileile aliyozikwa nayo. Hakuna aliyeuliza. Tiketi yake ilikuwa haijaisha.

"Anachafua kuliko alipokuwa hai," mama alimwambia mwanawe. "Na kusalimia bado hajajifunza."

Fundi ndiye aliyekuwa akiandika tiketi za kampuni. Hazikuwa za karatasi. Mfanyakazi akiweka kidole mlangoni, mtandao ulimpa tiketi isiyoshikika, msururu wa tarakimu tu, na kwa tiketi hiyo milango ilimfungukia na kompyuta zilimtambua. Ndani ya kila tiketi mlikuwa na saa ya mwisho. Kompyuta haijui Ijumaa wala adhuhuri. Inachojua ni kuhesabu sekunde tangu Siku ya Kwanza, siku ambayo mafundi wa zamani walikubaliana waanzie hesabu yao. Siku hiyo Fundi alikuwa bado hajazaliwa. Mama yake alikuwa binti mdogo mwenye mapengo mbele.

Katika mashine kongwe ya ghorofa ya juu, mafundi hao waliacha desturi moja ya kivivu. Ukiandika sifuri mahali pa saa ya mwisho, mashine ilielewa kwamba mwisho haupo. Mkurugenzi aliandikiwa sifuri. Ndiyo maana alikuwepo.

Wafagiaji hawakuandikiwa sifuri. Tiketi zao ziliisha pamoja na zamu, na zilipoisha, wao pia walififia. Sauti ilitangulia, vidole vikafuata, kisha mtu mzima akabaki kama mvuke kwenye kioo mpaka zamu ya kesho yake ilipokaribia, umbo likamrudia ili akapewe tiketi nyingine. Kila jioni Fundi alimvusha mama yake barabara akimshika mahali alipokisia kuwa ni kiwiko, maana madereva hawamwoni mtu wa namna hiyo. Nyumbani alimwekea sahani. Chakula kilipoa. Kiti kilipumua.

"Umechoka leo, mama?"

Pazia lilitikisika mara moja. Maana yake ndiyo.

Siku moja Mkurugenzi akamwita Fundi.

"Usafi tunampa wakala," alisema, na punje za udongo zikadondoka kutoka kwenye mkono wa koti. "Wafagiaji wote wa zamani, tiketi zao ziishe Ijumaa alasiri. Wasipewe nyingine."

"Mzee, mmoja wao ni mama yangu mzazi."

"Najua. Ananifutia meza vizuri sana."

"Wasipopewa nyingine hawatarudi, mzee. Watabaki vilevile, mvuke."

"Kijana," marehemu alimwambia kwa upole, "kila chenye mwanzo kina mwisho."

Fundi alishuka ngazi. Alikwenda kwa ofisa utumishi, mama mmoja mnene aliyekuwa akimenya karanga juu ya kisanduku cha mihuri. Akaomba. Akasihi. Akapandisha sauti mpaka watu wakachungulia mlangoni, kisha akaishusha mpaka ikawa ya mtoto. Dua la kuku halimpati mwewe.

"Sheria ni sheria, kaka," ofisa utumishi alisema na kupuliza maganda. "Sikuitunga mimi."

Asubuhi ya Ijumaa, umbo la mama yake likiwa limemrudia kwa kuwa zamu ilikuwa imekaribia, walikunywa chai wakiwa wamesimama.

"Nasikia leo mnatumaliza," mama alisema.

"Nani kakwambia?"

"Nafuta meza, mwanangu. Meza zinasema."

"Sikubali, mama. Wallahi sikubali! Bora waniue mimi."

"Wewe na moto wako. Ulizaliwa unapiga kelele mpaka mkunga akapoteza akili, akakikata kitovu vibaya. Ndiyo maana kimetuna hivyo kama kifungo cha koti." Akamtomasa tumboni kwa kidole. "Kunywa chai. Ukichelewa watakukata mshahara, halafu sote wawili tutakuwa mvuke."

Fundi alimwacha njiani na wenzake, akatangulia. Alikaa mbele ya kompyuta na kuwaandikia wafagiaji saa ya mwisho, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoagizwa. Mama wa watu, dada wa watu, bibi wa watu, wote Ijumaa alasiri. Alipofika kwa mama yake aliandika sifuri. Aliitazama ile sifuri kama mfungwa anavyotazama tundu kwenye ukuta, akaona mwanga ndani yake, akabonyeza.

Hakumuuliza Miwani. Miwani aliketi meza ya jirani, na ndiye aliyetengeneza mashine mpya ya lango la chini, wanakopita wafagiaji, madereva na mafundi. Walikunywa chai pamoja kila siku, wakabishana mpira na wanawake, lakini hawakuwahi kuzungumza habari za sifuri. Kwa mashine ya Miwani sifuri ilikuwa namba kama namba nyingine, sekunde ileile hesabu ilipoanza. Tiketi yenye sifuri iliisha Siku ya Kwanza. Mkurugenzi hakuwahi kupita lango la chini, kwa hiyo jambo hilo halikuwahi kujulikana.

Mama aliweka kidole. Lango likalia mlio wa kukataa. Pale alipokuwa amesimama, akasimama mtoto wa kike wa miaka sita, ovaroli imemfunika mpaka ikaburura, mkononi ameshika fagio refu kuliko yeye. Muda ulikuwa umemwacha hapo ulipomwishia, Siku ya Kwanza.

Juu, Fundi alihisi baridi tumboni. Alifunua shati. Kitovu hakikuwepo. Tumbo lilikuwa laini kama sahani.

Alishuka mbio.

"Toto hili la nani?" mlinzi alikuwa akiuliza. "Linazuia foleni."

"La kwangu," Fundi alisema.

Miwani alikuja, akaisoma mashine yake, akakuna kichwa.

"Umeandika sifuri? Si ungeniuliza, ndugu yangu!"

"Kwa Mkurugenzi inamaanisha hakuna mwisho."

"Hiyo ni mashine ya juu. Huku chini sifuri ni sifuri."

"Basi ibadilishe! Niandike saa nyingine, hata ya jioni, hata ya mchana huu!"

"Tiketi mpya inataka idhini ya utumishi. Unajua hivyo."

Fundi alimbeba mtoto mgongoni, ngazi kwa ngazi. Ofisa utumishi aliinama juu ya meza kumtazama, akampa karanga mbili. Mtoto akapokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri.

"Huyu ni mama yangu," Fundi alisema. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Mwandikie idhini. Nakuomba. Nitafagia mimi badala yake, nitafanya lolote."

"Naona mnafanana, hasa paji la uso. Lakini kampuni haiajiri watoto, kaka. Sheria inakataza kabisa, na kusema kweli ni sheria nzuri."

"Hakuwa mtoto asubuhi."

"Sasa ni mtoto." Alimfuta mtoto chumvi ya karanga shavuni. "Akikua mlete. Nafasi ya kufagia haikosekani."

Alasiri ile wafagiaji wengine walitoka langoni pamoja, wakififia huku wakiagana. Mmoja alijaribu kumwambia Fundi neno, lakini sauti ilikuwa imetangulia. Upepo uliwasogeza kidogo kuelekea barabarani. Mlinzi akafunga lango.

Jumatatu wakala alileta wafagiaji wapya. Walipewa ovaroli zilezile. Ghorofa ya juu udongo ulikuwa umerundikana, na Mkurugenzi alikuwa amelalamika.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta kuwaandikia tiketi. Mtoto alikaa chini ya meza, akisuka nyuzi za waya zilizokatika, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia.

"Wewe ni nani wangu?" alimuuliza.

"Mimi ni mwanao."

Akacheka mpaka mapengo yote yakaonekana. "Mwongo! Mwana gani ana ndevu?"

Alisuka kidogo, kisha akamvuta suruali.

"Kaka. Mama yangu anakuja kunichukua saa ngapi?"

Kwenye kioo cha kompyuta mshale ulikuwa unapepesa mahali pa saa ya mwisho, ukimngoja.

"Zamu ikiisha," Fundi alisema, na akaandika hivyo hivyo kwa mfagiaji wa kwanza.