Kufuli Langu Jekundu

Lifti ilisimama ghorofa ya tisa, mlango ukafunguka, nikatoa mguu. Hapo ikateleza chini shubiri nzima, mimi nusu ndani nusu nje. Niliruka kama mbuzi. Usaili haujaanza, na jasho lilikuwa limeshalowesha mgongo.

Nimetengeneza lifti miaka kumi na sita. Shubiri ile maana yake breki imechoka, haishiki. Leo shubiri, kesho dhiraa, kesho kutwa mtu anabanwa mlangoni. Aliyenifundisha kazi alipoteza mguu hivyo hivyo, nikiwa nimesimama karibu naye. Na jengo hili linasafishwa na mama mdogo, aliyenilea, ambaye ndiye aliyenipa habari za nafasi hii ya fundi. Magoti yake mabovu. Akitoka kwenye lifti na ndoo, anatoka taratibu mno.

Kwa hiyo niliingia chumbani naogopa, na si kwa ajili ya maswali. Walikuwa watatu nyuma ya meza.

"Karibu kwenye familia yetu," alisema mwenyekiti, mama mwenye miwani shingoni. "Hapa tunatazama moyo wa mtu kwanza. Ufundi unafundishika."

"Asante, mama. Lakini lifti yenu..."

"Tutafika huko. Tuambie, lini ulikubali wazo la mwenzako ukaacha lako?"

Hatukufika huko. Waliniuliza kuhusu upendo kazini, kuhusu unyenyekevu, na kama ningekuwa rangi, ningekuwa rangi gani. Kengele ya lifti ikilia nje, nageukia mlango: ni mama mdogo? Nikasema nyekundu, kwa sababu kufuli lililokuwa kwenye mkoba wangu ni jekundu, na sikuwa na akili ya kutafuta rangi nyingine.

"Mwenzako akitaka kuwasha lifti na wewe hutaki, mtaelewanaje?"

"Hatuelewani. Fundi akizima lifti anatia kufuli lake, ufunguo unakaa mfukoni mwake. Hata mkurugenzi aje analia, halifunguliwi mpaka kazi iishe. Na hii yenu ningeizima sasa hivi."

Walitazamana. Mmoja aliandika neno moja, nami nikalisoma kichwa chini miguu juu: mkaidi. Mwenyekiti akanishukuru kwa upole. Bwana aliyenitangulia, alisema, aliwagusa sana. Hajawahi kugombana na mtu maishani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa lifti hujengi ukuta, unachimba kaburi. Sikuwaambia, maana mlango nilikuwa nimeshaonyeshwa.

Koridoni mama mdogo alikuwa amesimama na ndoo yake, kidole karibu na kitufe.

"Acha!"

Alishtuka, maji yakamwagika. "Vipi, mwanangu? Umepata?"

"Nimekosa. Nipe ufunguo wa chumba cha mitambo."

"Kile ninachowekea mafagio? Watanifukuza!"

"Bora wakufukuze una miguu miwili."

Alinitazama usoni, akanipa ufunguo. Nilihakikisha lifti haina mtu, nikapanda ngazi hadi chumba cha mitambo, nikashusha swichi kubwa na kutia kufuli langu.

Tulishuka kwa ngazi, mimi na ndoo, yeye amenishika bega, akiilaumu kila ghorofa. Tulipofika ya sita simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti.

"Ni wewe uliyezima lifti? Fundi wetu mpya, yule aliyekutangulia, yuko hapa juu na msumeno. Anasema kufuli ni jambo dogo, atalikata."

Akikata, kesho asubuhi mama mdogo atapanda, nami sitakuwepo wa kumzuia.

"Akate," nikasema. "Ila akishakata, pandeni ninyi watatu kwanza, pamoja naye. Mkifika chini mtoke polepole, kama mtu mwenye magoti mabovu."

Nilisikia msumeno ukianza kukwaruza chuma, halafu sauti ya mwenyekiti mbali na simu: "Hebu subiri kwanza." Msumeno ukanyamaza. Aliporudi kwenye simu, alizungumza kwa sauti ndogo.

"Kwani ina nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kuhusu ubovu wa lifti nililoulizwa siku ile. Nilikaa kwenye ngazi kando ya mama mdogo, nikaubana ufunguo wa kufuli langu kiganjani, nikaanza kumjibu.