Moto wa Aya ya Nne

Kompyuta ya Domitille ilizimika tena kabla ya saa nne asubuhi, na safari hii iliacha alama ya kahawia kwenye kitambaa cha meza. Domitille, katibu wa shirika dogo la misaada pale Muhumba, mtaa wa Bukavu, aliinyanyua kwa kipande cha kitenge kama mtu anayeepua sufuria, akaiweka dirishani ipoe, kisha akamwita fundi.

Floribert alikuja na bisibisi zake. Alifungua mgongo wa mashine, akapuliza vumbi kwenye feni, akakwangua ile dawa nyeupe iliyokauka juu ya prosesa. Mahali pake akapaka dawa ya meno, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa haiingii tena Bukavu tangu vita. Alipoiwasha, ilikuwa baridi. Domitille alifungua mafaili yote, moja baada ya jingine, nayo ikabaki baridi. Alipofungua ripoti ya Bunyakiri na kushuka mpaka aya ya nne, feni ilinguruma, yakatoka majivu. Floribert aliyanusa.

“Ni ya majani ya kuezeka nyumba,” alisema. “Maman Domitille, mimi natengenezaka mashine. Hii haina pane, hakuna kenye kuharibika.”

Akafunga mfuko wake.

Aya ya nne ilieleza jinsi askari walioushika mji walivyochoma kijiji kimoja juu ya Bunyakiri, watu wakiwa ndani ya nyumba. Domitille aliiandika kwa maneno ya waliotoroka. Mdogo wake, Adolphine, alifia huko. Ndugu wa mjini hawakumfanyia matanga, maana watu wa upande ule wakikusanyika uani waliitwa waasi. Moto haukuwashwa, wala hakuna aliyesimama mbele ya watu kueleza marehemu alivyokufa. Na kwao, moto wa matanga hauzimwi kabla ya maelezo hayo.

Mchana Adolphine aliingia na majirani zake walioungua naye kule kijijini. Walipangusa miguu mlangoni, wakaketi sakafuni kuizunguka meza, mikono wameielekeza kwenye feni.

“Yaya, moto yenu iko kidogo,” Adolphine alimwambia dada yake. “Mulikosa hata makala ya kuwasha?”

“Tuliogopa,” Domitille alijibu, akawatandikia mkeka.

Mkurugenzi, Philémon, alitoka ofisini mwake, akawapa wote mkono mmoja mmoja kama inavyotakiwa kwenye matanga, kisha akawaomba wasogee kidogo afungue kabati. Alipopata alichotaka, alimwambia Domitille aitoe aya ya nne. Askari walikuwa wakiisoma kila ripoti kabla haijaenda kwa wafadhili. Wakiiona aya hiyo, malori ya unga hayatapita njia ya Bunyakiri.

“Directeur, isemwe mara moja tu,” Domitille alisema. “Hawa wataenda kulala.”

Philémon alimgeukia Adolphine. “Pole, maman. Unga kwanza.”

“Batoto yangu iko kati ya benye kungojea?”

“Wote wawili. Wako kwa bibi yao.”

Adolphine alikunja kanga yake magotini. “Basi mupeleke unga,” alisema. Hakusema aya itolewe, wala hakusema ibaki.

Domitille alinakili ripoti kwenye disketi, akairuka aya ya nne na kuzipa nyingine namba upya. Palipokuwa na kijiji, aliandika kwamba nyumba kadhaa ziliharibika. Disketi ilikuwa baridi mkononi. Askari waliisoma, wakagonga muhuri, malori yakapita, na watoto wa Adolphine wakala.

Kwenye mashine hakuifuta ile aya. Shirika lilinunua kompyuta nyingine kwa ajili ya ripoti, na ile ya kwanza ikawekwa juu ya matofali kwenye kona ya chumba, aya ikiwa wazi. Waombolezaji huja kila alasiri. Wageni huombwa wapite pembeni. Siku za mvua Domitille huwachemshia chai juu yake, na Adolphine hulalamika kwamba sukari haitoshi.

Mwaka uliofuata vijiji vingine vilichomwa, na ripoti zake zote ziliandikwa kwenye kompyuta mpya, kwa maneno yale yale ya nyumba kadhaa kuharibika. Floribert hupita mara kwa mara kuikagua hiyo mpya. Huweka kiganja mgongoni mwake, akasikiliza feni, akasema iko bien, haina pane. Haijapata joto hata siku moja.