Pua ya Mwalimu

Chumba cha kuoteshea bakteria kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya maabara ya hospitali, na mwenye chumba alikuwa Mwalimu. Hakuwa mkuu wa maabara. Mkuu alikuwa mama mmoja mpole aliyekaa ofisi ya mbele. Lakini Mwalimu alikuwa mle ndani kwa miaka thelathini na moja, na karibu kila aliyewahi kufanya kazi humo alishikwa mkono na yeye. Sifa yake kubwa ilikuwa pua. Alikuwa akifunua kisahani chenye bakteria walioota, anakipitisha chini ya pua kama mtu anayechagua manukato dukani, kisha anakutajia jina la mdudu kabla ya kipimo chochote. Huyu ananukia zabibu, huyu chokoleti iliyoungua, huyu panya. Mara nyingi alipatia. Watu walimtania kwamba mkewe hathubutu kuchemsha maziwa mpaka mzee arudi kutoka kazini ayanuse kwanza.

Aliyejifunza zaidi kwake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa kuwa haishiwi maneno. Alifika pale na cheti kipya na mikono inayotetemeka. Wiki ya kwanza aliangusha trei nzima ya visahani. Mkuu wa zamani alitaka kumrudisha alikotoka, Mwalimu akakataa. "Huyu niachieni mimi," alisema. Miaka minane baadaye Chiriku alikuwa na benchi lake mwenyewe, na yeye pia alikuwa amejifunza kunusa.

Jumatano moja asubuhi waliangalia kisahani cha mgonjwa wa kitanda namba saba, mwanamume aliyekuwa na homa ya kuja na kuondoka kwa mwezi mzima. Fomu iliyoletwa pamoja na damu yake ilikuwa na neno moja tu: homa. Kisahani kilikuwa na siku tatu, na vilivyoota vilikuwa vidoa vidogo mno, kama ncha za sindano.

"Vivivu hivi," Chiriku alisema. "Siku tatu ndiyo kwanza vinachungulia."

Kabati la usalama lilikuwepo, tena zima. Ni lile kabati la chuma lenye kioo mbele na feni inayovuta hewa, ili vimelea visimrukie anayefanya kazi. Lakini Mwalimu hakupenda mngurumo wake, na kidogo kidogo likageuzwa stoo: maboksi ya glavu, mafaili, mwavuli wa mtu. Kwa hiyo alikifunua kisahani pale pale mezani, akashusha barakoa, akanusa. Akanusa tena, kwa kuvuta.

"Ajabu. Simtambui. Hebu jaribu wewe, mwanangu."

Chiriku aliinama akanusa. Pembeni yao alikuwepo mama wa usafi, mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi, akifuta benchi kwa dawa, bega lake karibu liguse la Mwalimu.

"Mnanusa nini hapo, wali?" Shangazi aliuliza, wakacheka wote watatu.

Kuna jambo Chiriku hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ile ya kwanza aliitangaza mapema, mtaa mzima ukajua, na mwezi wa nne ikatoka. Safari hii aliamua kunyamaza, hata mumewe asimwambie mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Alijua pia kwamba mjamzito akijulikana huondolewa chumba kile na kupelekwa mapokezi kuandika majina. Hakutaka mapokezi.

Kwa kuwa vipimo vyao vilishindwa kumtambua mdudu yule, kisahani kilifungwa na kupelekwa maabara kuu. Siku nane zikapita. Siku ya tisa, mkuu wa maabara aliingia chumbani ameshika karatasi, na hakusalimia kama kawaida yake.

"Nimepigiwa simu," alisema. "Yule mdudu wa kitanda namba saba ni brusela, mdudu wa mifugo. Mgonjwa ni mchinjaji wa mbuzi, hakuna aliyemuuliza. Sasa nisikilizeni. Huyu mdudu anaingia kwa hewa kirahisi sana. Nataka kila aliyekuwa humu siku ile aandike alisimama wapi na alifanya nini. Kama kisahani kilifunguliwa ndani ya kabati, tuko salama. Kama kilifunguliwa nje, wote waliokuwa karibu wanaanza dawa leo hii, na damu zao zinapimwa kwa miezi sita."

Aliwagawia fomu akatoka. Chiriku alikuwa amesoma habari za brusela chuoni. Alikumbuka maumivu ya mgongo na viungo, jasho, homa isiyoisha. Na alikumbuka sentensi moja kuhusu wajawazito, kwamba mimba inaweza kutoka, ambayo siku ile ya darasani aliipigia mstari kwa ajili ya mtihani tu.

Mwalimu alimwita kwenye kichumba cha vifaa, akarudisha mlango.

"Nimebakiza miezi mitano nistaafu," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii nimewafundisha watu usalama. Ikijulikana nilinusa, tena na barakoa shingoni, nitatoka hapa kama mwizi. Andika kilifunguliwa kabatini. Mimi nimeshaandika hivyo."

"Mwalimu, na kama tumeambukizwa?"

"Nimenusa visahani elfu ngapi mimi? Niangalie. Nimewahi kulala kitandani?" Akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Sijawahi kukuomba kitu, binti yangu."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumwomba kitu. Chiriku alirudi kwenye benchi lake, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Kisahani kilifunguliwa ndani ya kabati la usalama.* Akasaini. Mchana kutwa hakuzungumza na mtu, mpaka dada wa mapokezi akamuuliza kama anaumwa jino.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akibadilisha nguo kwenye chumba cha wanawake Shangazi alipoingia na fomu yake imekunjwa mara nne.

"Mwanangu, nisaidie na hili likaratasi. Miwani yangu imevunjika, na hata ningekuwa nayo, maneno yenyewe magumu. Wanauliza nilikuwa wapi. Si nilikuwa pale nafuta meza mkiwa mnanusa?"

Chiriku aliishika fomu.

"Eti huyo mdudu anaumiza migongo?" Shangazi aliendelea, akifunga kilemba chake mbele ya kioo. "Mgongo wangu wenyewe huu ndio unaonilisha. Nina wajukuu watatu nawalea. Lakini ninyi wasomi mnajua. Wewe umeandikaje? Niandikie kama ulivyoandika wewe."

Kalamu ilikuwa mkononi. Chiriku aliandika jina la Shangazi na kazi yake. Alipofika kwenye nafasi ya tatu, mkono ulikataa. Kujidanganya mwenyewe aliweza, na kumfichia Mwalimu aliweza. Lakini kumwandikia mama huyu, kwa mkono wake, kwamba hana haja ya dawa, huku amesimama hapo anafunga kilemba na kumwamini?

"Shangazi, twende wote kwa mkuu," alisema.

"Nimefanya kosa?"

"Wewe hujafanya kosa lolote."

Mbele ya mkuu, Chiriku alisema yote. Alisema kisahani kilifunguliwa mezani, kwamba Mwalimu alinusa mara mbili na yeye mara moja, kwamba Shangazi alikuwa umbali wa kiwiko. Alisema kabati limekuwa stoo tangu mwaka jana na yeye mwenyewe aliweka maboksi mawili humo. Mkuu aliuliza kama kuna kingine.

"Na mimi ni mjamzito," alisema. "Miezi mitatu na kitu."

Shangazi alishika mdomo. Mkuu alivua miwani, akaiweka mezani. Hakupaza sauti, na Chiriku alitamani angepaza.

"Ulijua ukainama ukanusa?"

"Nilijua nina mimba. Huyo mdudu sikumjua."

"Ndiyo maana kuna kabati," mkuu alisema. "Kwa sababu hatumjui."

Dawa zilianza siku ile ile. Shangazi alipewa za wiki tatu, akawa analalamika kwamba zinamchoma tumbo lakini hakuacha hata kidonge. Chiriku alipewa nyingine, baada ya madaktari wawili kushauriana kwa simu, kwa kuwa zile za kawaida hazimfai mjamzito. Akaondolewa chumba cha bakteria, akapelekwa mapokezi. Mwalimu alipoitwa ofisini, alisimamia maneno yake: kabatini. Akakataa dawa, akakataa kutolewa damu. Akapewa barua ya kukaa nyumbani uchunguzi ukiendelea. Alipita mapokezi akiwa na mkoba wake, hakugeuza shingo.

Mchana wa siku hiyo Chiriku alikwenda kwenye karakana ya mumewe, fundi majokofu. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya jokofu lililofunguliwa, mikono myeusi. Alimweleza habari ya mimba na ya mdudu kwa pumzi moja, kwa sababu hakuona namna ya kutenganisha.

Mumewe alikaa chini sakafuni.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye. "Unalala pembeni yangu miezi mitatu."

"Niliogopa kukupa matumaini tena."

"Kwa hiyo ukabaki kwenye chumba cha wadudu ili mimi nisipate matumaini?" Alisema kwa uchungu, kisha akainuka. Akanyoosha mikono amshike, akaikumbuka ilivyo na grisi, akaiacha hewani. Chiriku akaisogelea mwenyewe, grisi na yote.

Siku ya kumi na nane tangu kunusa, Mwalimu alianza kutetemeka kwa homa. Mkewe alisimulia baadaye kwamba alilowesha shuka tatu kwa jasho na bado akamkataza kuita gari. Alipoletwa hospitali, alikuwa ameinama kama aliyebeba gunia, mgongo haunyooki. Walimtoa damu. Chupa yake ilipelekwa chumba kile kile alichokitawala, na vijana aliowafundisha waliifungua ndani ya kabati lililokwisha kusafishwa, feni ikinguruma, glavu jozi mbili. Siku ya nne vidoa vilianza kuchungulia.

Chiriku aliyapata majibu hayo akiwa mapokezi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuyaandika kwenye daftari. Aliandika jina kamili la Mwalimu, ambalo hakuwa amewahi kulitumia, na mbele yake neno lile: brusela. Kisha akaenda chooni akalia mpaka mtu akagonga mlango.

Mgonjwa wa kitanda namba saba alipona akaruhusiwa. Mwalimu alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani na dawa za miezi mitatu. Kustaafu kwake kuliandikwa kuwa ni kwa sababu za kiafya. Hakuna aliyemuaga kwa hafla wala hotuba, na koti lake jeupe lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango mpaka mtu akalipeleka kufuliwa.

Chiriku alikwenda kumwona nyumbani. Alimkuta kwenye kiti cha sebuleni, mito miwili mgongoni, mashavu yamebonyea. Mkewe aliwaacha peke yao.

"Tumbo limekuwa," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hukuniambia. Ningejua nisingekupa ukinuse."

"Najua."

Alitafuta namna ya kukaa isiyomuuma. "Ulichofanya ni sawa. Yule mama ana wajukuu, nilimsahau kabisa. Naapa, nilimsahau kama vile hakuwepo." Akatazama ukuta. "Lakini usije tena kwa sasa. Nikikuona, najiona mimi."

Chiriku aliinuka. Akaaga.

Kila baada ya wiki sita alitolewa damu, na kila safari alingoja majibu kwa siku tatu bila kula vizuri. Mumewe alifunga karakana mapema siku hizo, wakakaa uani bila kuzungumza mengi. Mwezi wa nne wa mimba ulipopita salama, hawakusherehekea. Waliogopa hata kulitaja.

Mtoto alizaliwa wiki mbili kabla ya siku zake, wa kike, mdogo lakini mwenye mapafu ya kupiga kelele. Damu ya mwisho ya mama ilikuwa safi. Shangazi naye alikuwa safi, akaja kumwona mtoto na kumwimbia kwa sauti mbaya kabisa. Mkuu alimrudisha Chiriku chumba cha bakteria likizo ya uzazi ilipoisha. Chiriku aliona aibu kidogo kugundua kwamba anapatamani.

Lakini kabla hajarudi kazini, mke wa Mwalimu alikuja nyumbani siku moja, peke yake. Alimpakata mtoto muda mrefu, akamsifu vidole. Alisema mzee sasa anatembea na fimbo, asubuhi viungo vinakataa mpaka jua liwake.

Akiwa mlangoni anaondoka, alisema, "Amesema nikusalimie."

Chiriku alimwangalia usoni, akajua kwamba mzee hakusema hivyo. Mama huyu ameitunga salamu njiani.

"Mwambie nimepokea," alisema. "Mwambie mtoto ni mzima."

"Nitamwambia," yule mama alisema, akashuka ngazi polepole.