Jina Nililoliacha Taita

Katika kanisa letu la Thamesmead, London, mimi ndiye fundi wa kufariji. Mtu akifiwa, kabla pasta hajavaa viatu, nimeshafika na sufuria ya pilau na maneno yangu yaleyale. Wambui alipozika kichanga chake mwaka jana, nilimshika mkono nikamwambia, "Jikaze, mpenzi. Utapata mwingine." Nikarudi nyumbani nikijisifu. Ungenisikia ungedhani nimesomea.

Siri yangu ni kwamba mimi mwenyewe nilizika. Kifungua mimba wangu, Severin, aliuawa na malaria kule Taita kabla sijaja Uingereza. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kila nilipoitwa Mama Severin niliumia upya. Basi nilipojifungua binti huku London, nikajiita Mama Jedidah. Nilijiona mjanja kweli. Hata Jedidah mwenyewe sikumwambia kitu. Anajua yeye ndiye wa kwanza.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa nagawa mandazi kwa madaha alipoingia Mama Lawrence, jirani yangu wa Taita, aliyekuja kumtembelea mwanawe. Nikajificha nyuma ya birika la chai. Mtu wa mwili huu, nyuma ya birika!

"Mama Severin!" alipaza sauti. "Ni wewe, mwanangu?"

Jedidah akanigeukia. "Mum, who's Severin?"

Uongo nilikuwa nao tayari, tena mzuri: mama wa watu haoni vizuri, amenifananisha. Lakini ningekuwa namkana mtoto wangu hadharani, na hilo nilishindwa.

"Ni kaka yako," nikasema. "Alikufa mdogo."

Nilingoja anilaumu. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, alihangaika kutafuta maneno. "Yeye... alipenda nini?"

"Udongo," nikasema. "Alikuwa anabandua ukuta wa jikoni anakula. Nilimfinya weee, hakuacha." Nikacheka. Kisha nikaangua kilio, mimi, mwenyekiti wa akina mama, andazi mkononi.

Wambui alivuta kiti akakaa ubavuni mwangu. Nikajiandaa kuambiwa nijikaze, nilistahili.

"Lia, Mama Severin," akasema, akaniondolea lile andazi mkononi.