Maswali ya Mama Kuntai

Mimi nikiambiwa jambo sitosheki mpaka nijue limetoka wapi. Ndiyo maana pale Kitengela waliniita Nzula mdaku, na sikatai. Lakini Januari ile ya 2007 nilikutana na mtu aliyenishinda kuuliza.

Mvua ilikuwa imenyesha mpaka mbu wakawa kama wapangaji. Redio yangu ikatangaza homa ya Bonde la Ufa: inatoka kwa mifugo, inaua watu, mtu asichinje wala kushika mnyama mgonjwa. Nikaacha sukuma wiki zangu mezani, nikaenda mbio kwa jirani, Mama Kuntai. Lucy, mke wa mwanawe Kuntai, alikuwa amejifungua, na kwa Wamaasai mzazi huchinjiwa kondoo apate mafuta. Lucy ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Kondoo wake alikuwa amefungwa penye ua, kamasi zikimtiririka.

Nilimkuta Mama Kuntai akinawa mikono. Kondoo mwingine alikuwa ametupa mimba asubuhi hiyo, naye Mama Kuntai ndiye aliyekivuta kitoto. Nikamwaga habari yote bila kupumua. Akanipa kigoda.

"Hiyo redio imetoka wapi?"

"Nairobi."

"Njiani ililala kwa nani? Imeona kondoo wa nani?"

Nilikasirika, haki ya Mungu. Lakini kwao habari huchukuliwa hivyo. Mgeni huanzia alipotoka, aeleze alichokiona kwa macho yake, na mwenyeji humuuliza mpaka aridhike. Redio nani ataiuliza?

"Kuntai anachinja kesho jioni," akasema. Sikulala vizuri, nikimfikiria Lucy na yule mtoto.

Asubuhi nikaenda Kajiado kutafuta mtu aliyeuona ugonjwa kwa macho yake. Soko la mifugo lilikuwa limefungwa, hakuna hata mbuzi. Nikauliza kila niliyemkuta mpaka mlinzi akanionyesha kijana anaitwa Nick, amekaa peke yake ukutani. Nilimweleza shida yangu. Akainuka, tukaenda.

Tulifika Kuntai akinoa kisu. Mama yake akamkalisha Nick, akaanza. Umetoka wapi? Umelala wapi? Kondoo walikuwa wangapi, rangi gani, nani wa kwanza kuanguka? Nick alijibu yote, polepole. Kondoo thelathini walitupa mimba. Ndugu yake ndiye aliyekuwa akivuta vitoto.

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono, yieyo," akajibu, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Na yeye yuko wapi?"

"Tulimzika Jumapili."

Kuntai aliweka kisu chini kabla hajaambiwa. Ndani nikasikia mtoto akilia na Lucy akimbembeleza. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nikajua nimewaokoa, nikaanza kutafuta njia ya kumpa Nick pole na asante pamoja.

Lakini Mama Kuntai hakuwa amemaliza.

"Tangu ndugu yako ashike mpaka augue, zilipita siku ngapi?"

"Tatu."

Akaitazama mikono yake, juu na chini. Hapo ndipo nikakumbuka maji aliyokuwa akinawa jana. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, mimi mdaku, na sikuuliza kitu.

"Basi mimi niko siku ya pili," akasema. Akajifunga shuka, akapita mlango wa Lucy bila kuingia. "Nzula, nipeleke hospitali. Wakiniuliza, nitawaambia kutoka mwanzo."

Nikatembea kando yake hadi barabarani. Nilikuwa na maswali chungu nzima. Sikuuliza hata moja.