Vipakizi Ndani ya Friza

Mume wangu Orrin alikuwa ameshinda mashindano ya rivolva kubwa miaka mingi, kiasi kwamba watu wa bonde letu walishaacha kumpongeza. Siri haikuwa shabaha. Shabaha yake ni ya kawaida tu, na macho yake yanadai miwani anayoikataa. Siri ilikuwa kipakizi, kile kidude cha duara kinachoshika risasi sita kwa pamoja. Unakielekeza kwenye silinda, unazungusha kitufe chake, risasi zote zinatumbukia kwa mkupuo. Wenzake walikuwa wanachomeka moja moja kwa vidole, kama watu wanaokula karanga, huku saa ikiwakimbiza.

Vipakizi vya rivolva ndogo vimejaa kila duka hapa Montana. Lakini vya hizi kubwa za kipimo cha arobaini na nne, tunazofunga kiunoni kwa kuogopa dubu tukienda kuchuma matunda, ni shida tupu kuvipata.

Mdogo wangu Verna aliachiwa rivolva ya namna hiyo na marehemu mumewe, Halvor. Majira ya kuchipua yaliyopita akatangaza mezani kwangu kwamba naye ataingia mashindanoni. Orrin alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Karibu sana, shemeji," akasema. "Utakuwa unapakia mpaka theluji ianguke. Nitakuletea blanketi."

"Lete na kiti," Verna akamjibu.

Kesho yake akaanza kutafuta. Mwenye duka la mjini akamwambia asahau. Katika mji wa Kalispell wakamwambia hivyo hivyo. Akaendesha hadi kwenye maonyesho ya bunduki Missoula, akapita meza kwa meza, hadi muuzaji mmoja mwenye ndevu akamhurumia.

"Nilikuwa navyo, mama. Lakini kuna mzee mmoja huja kabla watu hawajajaa, kavaa kofia ya kijani ya manyoya hata kukiwa na joto. Anavizoa vyote."

Verna alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho. "Dada, mumeo ana kofia ngapi za kijani?"

"Moja," nikasema, "na hataki niifue."

Nilijua vilipo. Vilikuwa ndani ya friza, chini ya nyama ya kulungu, kwenye mfuko ulioandikwa *maini*, kwa sababu Orrin anaamini hakuna mwanamke wa ukoo wetu anayegusa maini. Nikamwambia Verna aje Jumanne, Orrin akiwa kwa kinyozi, achukue anavyotaka.

"Siibi mimi," akasema. "Nataka anipe kwa mkono wake. Tena anibembeleze nipokee."

Basi akaendelea kuzunguka. Kwenye mnada wa vitu vya nyumba moja kule mtoni, akainua ndoo ya ndoana za samaki, na chini yake akakuta kipakizi cha arobaini na nne. Hicho kilikuwa cha aina nyingine. Hakizungushwi. Unakisukuma tu, springi inazirusha risasi ndani. Ni cha haraka kuliko cha Orrin, kwa atakayekizoea.

Alikuja nacho kwangu akiwa na furaha ya mtoto. Tulipokijaribu, kikagoma. Kilikuwa kipana kuliko vya Orrin, kikagonga mpini wa mti ambao Halvor aliuchonga mwenyewe majira yote ya baridi kabla hajaugua.

"Ukwangue kidogo hapa pembeni," nikasema.

Verna akapitisha kidole gumba kwenye ule mti, polepole, halafu akakiweka kipakizi mezani. "Hapana. Huu hauguswi."

Kisha nikamwona anatabasamu. "Dada, mpini wa rivolva ya Orrin si wa raba? Ule mwembamba?"

Jumapili baada ya kanisa alikuja na pai ya tufaha, akaiweka mezani, na kipakizi chake akakiweka kando ya pai kama vile amekisahau. Orrin hakula hata kipande.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Hiki? Huko huko. Kinasukumwa tu, shemeji. Kina kasi hata naona aibu kukutesa nacho."

Hakusema uongo hata neno moja. Orrin akakichukua, akakijaribu kwenye rivolva yake tupu kwa risasi za bandia. *Tak.* Zote ndani. Masikio yake yakawa mekundu.

"Nikupe changu kimoja, tubadilishane."

"Sina haja."

"Viwili."

"Shemeji, kula pai."

"Vitatu! Verna, nakuomba. Sisi ni ndugu."

"Aa, basi, kwa vile umeniomba," akasema Verna, akapumua kama mtu aliyelazimishwa. Orrin akaenda kwenye friza, akarudi na vipakizi vitatu vyenye baridi kali. Mimi nikaangalia dirishani, nikiuma mashavu kwa ndani.

Wiki hiyo Verna alifanya mazoezi mpaka vidole vikavimba. Orrin alijaribu chake mara chache, akaridhika, akaenda kuvua samaki.

Siku ya mashindano Verna alitangulia. Akapiga, akamwaga maganda, akazungusha, akapiga tena. Mambo safi, mpini wa Halvor umetulia mkononi. Akaja Orrin. King'ora kikalia, akapiga sita, akachomoa kipakizi kipya, akakiweka, na mkono uliozoea miaka yote ukafanya ulichozoea. Ukazungusha.

Hakuna kilichotoka. Akazungusha tena, kwa hasira.

"Sukuma, shemeji!" Verna akapaza sauti kutoka nyuma ya kamba. "Kinasukumwa!"

Akasukuma kikiwa kimeshakaa upande. Risasi mbili zikaingia, nne zikaruka kwenye nyasi. Orrin Skaar, bingwa wetu, akapiga magoti kuziokota, na watu wakamshangilia kuliko walivyowahi kumshangilia akishinda.

Njiani kurudi, tulipovuka daraja, Orrin akanigeukia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua unachezewa," nikasema. "Ila kukubembeleza ukubali, hilo sikuona mtu akilifanya. Ulijibembeleza mwenyewe."

Akanuna siku mbili. Siku ya tatu Verna alikuja kurudisha bakuli langu, nikawakuta wamekaa barazani, vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Walikuwa wamesikia kwamba mchungaji wetu kanunua rivolva ya arobaini na tano na anataka kuingia mashindanoni mwakani.

Jumamosi iliyofuata, jua halijachomoza, waliondoka pamoja kwa gari la Orrin kwenda maonyesho ya bunduki ya Spokane. Orrin alivaa kofia yake ya kijani, na Verna alikuwa amejinunulia ya kwake. Walirudi jioni wakicheka, wameshika mfuko mzito, na wakaniomba, kwa adabu sana, niwapishe kwenye friza.