Hisa Mia za Mama

Mama alifika ofisini saa tatu kasoro, amevaa viatu alivyovinunua kwa ajili ya mahafali yangu. Vilikuwa vinambana. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba magotini, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Nikiambiwa ninyooshe mkono, ninyooshe wa kulia?"

"Wowote, Mama."

"Basi wa kulia."

Alikuwa mwenye hisa. Hisa mia moja, nilizompa mimi siku yake ya kuzaliwa, hati yake nikaitia kwenye fremu. Kabla ya hapo mimi nilikuwa na mia tatu na hamsini, nikaona mtu aliyenisomesha kwa kushona nguo za watu hawezi kukosa fungu katika kazi yangu. Fremu aliitundika ukutani, juu ya cherehani.

Kampuni yenyewe ilikuwa laini ya simu tu. Mgonjwa aliyesahau namna ya kumeza dawa alipiga bure, akaelezwa na muuguzi. Mimi nilisomea famasia, ndiyo maana mwasisi mwenzangu akaniita Dokta. Yeye tulimwita Fundi tangu bwenini, alikokuwa akifufua simu za wenzake zilizokufa. Mazungumzo tuliyarekodi, ili muuguzi wa kesho ajue aliyoyasema wa jana. Ndipo kampuni moja ya bima ikataka kuinunua laini pamoja na rekodi zote. Sikuhitaji kuelezwa watu wa bima wanatafuta nini kwenye sauti za wagonjwa.

Lakini sikuwa na hofu. Mwekezaji alipoingia, mimi na Fundi tulimwekea sharti: kila hisa ya mwasisi ina kura kumi, kila hisa yake ina kura moja. "Mafuta atie yeye, usukani tushike sisi," Fundi alisema siku ile, tukagonganisha vikombe vya chai. Sharti lile nililiandika mimi mwenyewe, nikajiona nimejenga ukuta. Wakati huo haikunijia kwamba Fundi angekuja kusimama upande wa pili.

Aliingia pamoja na mwekezaji, mwanamke mpole aliyesalimia kila mtu, na wakili wa kampuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo?"

"Ndiyo faida ya kusaidia watu," Fundi alisema. Akacheka peke yake.

Wakili alipofungua kikao niliomba niseme neno moja. "Fundi, hawa watu wametuambia siri zao. Yupo aliyetueleza ugonjwa ambao hata mkewe haujui."

"Najua. Si mimi ninayezihifadhi hizo sauti?" Alikuwa anatazama meza. "Dokta, miaka minne sasa. Mke wangu anajifungua mwezi ujao na bado tunalala sebuleni kwa shemeji. Nimechoka kuwa mtu mwema mwenye soksi zilizotoboka."

Ningeweza kumchukia, siku ile ingekuwa nyepesi kidogo. Sikuweza.

"Wanaokubali kuuza," wakili alisema.

Fundi alinyoosha mkono. Hisa mia mbili na hamsini, kura elfu mbili na mia tano. Mwekezaji akanyoosha wake. Hisa mia nne, kura mia nne. Elfu mbili na mia tisa kwa jumla.

"Wanaopinga."

Nilinyoosha. Mama naye akanyoosha, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Mimi na yeye, hisa mia tatu na hamsini: kura elfu tatu na mia tano. Hesabu hiyo nilikuwa nimeirudia wiki nzima.

Wakili aliandika, akasita. "Wewe, elfu mbili na mia tano. Mama, mia moja. Elfu mbili na mia sita."

"Za Mama ni elfu moja," nilisema. "Zile ni hisa za mwasisi."

"Zilikuwa." Alifunua katiba ya kampuni, akaisoma taratibu, kama anayesoma majibu ya hospitali. "'Hisa ya mwasisi ikihamishiwa mtu mwingine yeyote, inageuka kuwa hisa ya kawaida.' Kifungu hiki nilikipokea kutoka kwako."

Mtu mwingine yeyote. Nilipoyaandika maneno hayo nilikuwa nawaza wageni, matajiri, watu wa kuja kununua na kuondoka. Mama kwangu hajawahi kuwa mtu mwingine.

"Basi namrudishia sasa hivi," Mama alisema, akifungua mkoba. "Nipeni kalamu."

"Zikishageuka hazirudi, mama," wakili alimjibu.

Alinigeukia. "Kwa hiyo mkono wangu haukufanya kitu?"

"Umefanya, Mama."

"Usinidanganye. Nimekuzaa mimi."

Fundi alitoka bila kumuaga. Nadhani hakuweza.

Simu ikaanza kuita chumba cha pili. Muuguzi alikuwa ametoka kidogo, nikaenda kupokea mwenyewe. Alikuwa mwanamume, anakohoa.

"Mwanangu, nimepewa vidonge hapa, naona vyekundu na vyeupe. Mimi naitwa..."

"Subiri, mzee. Usitaje jina. Wala usiniambie unaumwa nini. Mazungumzo haya yanarekodiwa, na rekodi zinauzwa."

Nilisikia anavyopumua kwa taabu.

"Sasa nisipokwambia ninachoumwa, utanisaidiaje?"

"Nisomee tu herufi zilizoandikwa kwenye pakiti."

"Ningekuwa najua herufi, ningekupigia?"

Akakata simu.